Dawa ya Kurudisha Sauti

Nilikuwa na miaka 13 sauti iliponikimbia. Ilikuwa Mkesha wa Pasaka, parokiani kwetu Songea, na kwaya ilikuwa imefika kwenye "Aleluya Kuu" ya Handel, ule wimbo ambao kwaya zetu za Kikatoliki huuimba zikiwa zimeiva au hazijaiva. Wavulana tulikuwa wanne, tumepangwa sauti ya kwanza pamoja na kina mama. Pale kwenye "Mfalme wa wafalme", sauti ya kwanza hupanda ngazi moja moja na kung'ang'ania kila ngazi huku wenzao wakihangaika chini. Nikafungua mdomo, ukatoka mlio wa jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Mwalimu wa kwaya hakunitazama. Mkono wa kulia uliendelea kupiga mapigo, wa kushoto akaushusha polepole upande wangu, kiganja kikitazama chini. Nikanyamaza mpaka Aleluya ya mwisho.

Kesho yake jioni mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamwuliza kama hakuna dawa ya kurudisha sauti. Alicheka hadi ungo ukayumba.

"Dawa ya nini, baba? Si unakuwa mwanamume."

Mama mwenyewe alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na nilidhani angenionea huruma. Hakunionea. Miezi minane nilikaa benchi la nyuma nikigawa makaratasi ya nyimbo, kisha nikarudi nikiwa sauti ya nne, mahali ambapo mtu huimba noti mbili wimbo mzima na kuambiwa asante.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba dawa ilikuwepo. Waitalia waliitumia kwa karibu miaka 300.

Siku hizi narekodi kwaya hapa Dar es Salaam. Studio yangu ni chumba na nusu, godoro limegongomewa ukutani kuzuia mwangwi. Diski ninayotaka kuisimulia ilinifikia ndani ya sanduku la padri mzee Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao kustaafu. Alikuwa anagawa vitu, akaniambia nichukue muziki wote. Mwingi ulikuwa wa kinanda cha kanisani. Katikati kulikuwa na kitu kinene kama kitabu, diski mbili ndani yake, na juu ya jalada sanamu ya marumaru ya mwanamume, ila kichwa ni cha mwanamke aliye hai. Jina: *Sacrificium*. Mwimbaji ni Cecilia Bartoli, Mwitalia wa Roma. Ala zinapigwa na Il Giardino Armonico, kundi la Milan linaloongozwa na Giovanni Antonini. Mwaka 2009.

Nilidhani ni jalada la kutafuta wateja tu. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni, nikaendelea kula chapati.

Wimbo wa kwanza ni wa Nicola Porpora, "Come nave in mezzo all'onde", yaani kama jahazi katikati ya mawimbi. Fidla zinaanza kwa kasi ya watu waliochelewa basi. Kisha sauti inaingia, inashika silabi moja na kuipeleka, inaipandisha, inaizungusha, inaishusha, inaigongagonga, na wewe unasubiri avute pumzi. Havuti. Kwa mazoea ya kazi, nikasimamisha nikatazama mawimbi ya sauti kwenye skrini. Mimi ndiye ninayekaa usiku kuzifuta pumzi za wanakwaya, kwa sababu wateja hawapendi kuzisikia. Humu hakuna aliyezifuta. Pumzi zake zipo, kubwa, zinasikika kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Ila ziko mbali mbali mno. Nikarudia, nikajaribu kushika pumzi pamoja naye. Sikufika hata nusu ya safari moja. Chapati nikaiacha.

Nikafungua kijitabu kutafuta nani alimtungia mwanadamu kitu cha namna hiyo. Jibu ni kwamba nyimbo hizi hazikutungiwa mwanamke, wala hazikutungiwa mwanamume wa kawaida. Zilitungiwa watu waliohasiwa wakiwa watoto.

Kiswahili kina maneno mawili ya jambo hili. Lile la heshima ni towashi, tunalolijua kwenye Matendo ya Mitume, yule mkuu wa hazina kutoka Kushi aliyebatizwa njiani. Lile lisilo na heshima ni maksai, nalo ni la ng'ombe wa kulimia. Waitalia walisema *castrato*, na walipotaka kuwa na adabu mbele ya mhusika walisema *musico*, mwanamuziki, basi, kana kwamba wengine wote hawakuwa wanamuziki.

Ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza na ngumu kuifikiria. Mvulana mwenye sauti nzuri alihasiwa kabla ya kubalehe, mara nyingi kati ya miaka 8 na 12. Homoni ya kiume haikuja, kwa hiyo zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, halikukua na nyuzi za sauti zilibaki fupi kama za mtoto. Lakini sehemu nyingine za mwili hazikuacha kukua. Ncha za mifupa zilichelewa kufunga, mikono na miguu ikarefuka, kifua kikapanuka. Ukipata mtoto wa namna hiyo ukamfundisha kila siku kwa miaka kumi, unapata sauti ya mtoto inayosukumwa na mapafu ya mtu mzima mrefu. Ndiyo maana Porpora aliweza kuandika misafara ile mirefu isiyo na kituo. Alikuwa anaandikia kifua ambacho maumbile hayakukitengeneza.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Napoli. Mji ule ulikuwa na vyuo vinne vya muziki, Santa Maria di Loreto, Pietà dei Turchini, Sant'Onofrio na Poveri di Gesù Cristo, vyote vilivyoanza kama makao ya yatima. Neno *conservatorio* lenyewe maana yake ni mahali pa kuhifadhi, na waliohifadhiwa mwanzoni walikuwa watoto. Muziki ulifuata baadaye kwa sababu mtoto anayeimba kwenye misa na mazishi aliingizia makao fedha. Mwaka 1770 Mwingereza Charles Burney, aliyekuwa anazunguka Ulaya akikusanya habari za muziki, aliingia Sant'Onofrio akakuta chumba kimoja ambamo vinanda saba au vinane, fidla na waimbaji walikuwa wakifanya mazoezi kwa pamoja, kila mmoja na wimbo wake, vitanda ndivyo vikitumika kama viti. Wakati wa baridi watoto waliamshwa zikiwa zimesalia saa mbili kupambazuke. Waliohasiwa walikuwa 16, nao walilazwa ghorofani peke yao, kwenye vyumba vyenye joto kuliko vya wenzao, wasije wakapata mafua.

Hicho chumba chenye joto ndicho kilichonikaa. Nimelala bwenini, nawajua watoto. Nawaona wale wa chini wakiwaonea wivu wa juu kwa sababu ya mablanketi.

Burney alijaribu pia kuuliza operesheni inafanyika wapi. Milan wakamwambia Venice. Venice wakamwambia Bologna. Bologna wakakana, wakamwelekeza Florence. Florence wakasema Roma, Roma wakasema Napoli. Kila mji ulikuwa na waimbaji, hakuna mji uliokuwa na kisu. Sheria ya kanisa ilikataza kumkata mtu, kwa hiyo kila mtoto alikuja na hadithi yake. Huyu alianguka farasini. Yule aliumwa na nguruwe. Italia nzima wavulana wenye sauti nzuri walikuwa wakianguka farasini, na kwaya za kanisa hilohilo zikiwapokea.

Mtu atauliza kwa nini hawakuwapa wanawake nyimbo hizo, maana sauti za juu wanazo za kuzaliwa nazo. Ni kwamba Paulo aliwaandikia Wakorintho wanawake wanyamaze kanisani, na kwenye miji iliyokuwa chini ya Papa katazo likavuka mlango wa kanisa likaingia jukwaani. Roma ya miaka ya 1730 ungeweza kutazama opera nzima, malkia, binti mfalme, mjakazi, na wote wakawa wanaume, wengine wakiwa na sauti za juu kuliko za wake zenu nyumbani. Mdomo wa mwanamke ulifungwa, na ili pengo lizibwe akakatwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo nilipolirudia lile jalada, kichwa cha mwanamke juu ya mwili wa mwanamume wa jiwe, sikuliona tena kama la kibiashara. Mwanamke wa Roma ndiye anayeimba.

Sasa nyimbo zenyewe, maana nisipoangalia nitaandika historia tupu.

Muundo wake mtu wa kwaya ataujua mara moja. Kwenye karatasi zetu za nota, mwishoni pale, huwa kuna herufi mbili, D.C., na mwalimu hupiga kelele "Rudi mwanzo!" Hiyo ni *da capo*, tangu kichwani. Aria ya zama zile, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera, ina sehemu ya kwanza, kisha ya pili iliyo fupi na yenye rangi nyingine, kisha D.C., unarudia ya kwanza. Tofauti na sisi ni kwamba mwimbaji hakutakiwa kurudia vilevile. Mara ya pili lazima aweke vionjo vyake, azungushe pale palipokuwa pamenyooka, aonyeshe kwamba maneno yaleyale yamemwingia zaidi. Aliyezoea taarabu hahitaji kufafanuliwa. Mshororo ukirudiwa ndipo noti za shilingi zinapoanza kutoka mifukoni.

Na taarabu inasaidia kwenye jambo lingine. Mashairi ya hizi aria hayasemi jambo wazi. Shujaa akichanganyikiwa hasemi nimechanganyikiwa. Anasema mimi ni jahazi kati ya mawimbi, mimi ni kipepeo anayezunguka taa, mimi ni paa aliyechomwa mshale porini. Leonardo Vinci (si yule mchoraji) ana paa wake humu, Leonardo Leo ana kipepeo, Porpora ana jahazi na ndege mwimbaji mwenye bahati mbaya. Wasomi wengine wa Ulaya waliwahi kuyadharau mashairi haya kuwa ya mafumbo ya kitoto. Msomaji wa Kiswahili aliyekua akisikia ua, chombo na nanga hadi kwenye nyimbo za harusi atakaa hapa bila kuomba ramani.

Nitasema pia nisichokipenda. Diski ya kwanza ina nyimbo nyingi mno za kasi, na Bartoli ana namna ya kuzigonga noti moja moja kwa koo ambayo baada ya robo saa inafanana na cherehani. Kijana ninayefanya naye kazi alisikiliza dakika tatu akasema, "Kaka, huyu dada anafukuzwa na nani?" Sikuwa na jibu. Ustadi ukizidi sana unamgeuza msikilizaji kuwa mtu wa sarakasi, anayesubiri aone kama mtu ataanguka kwenye kamba. Nadhani hata enzi zile ilikuwa hivyo. London walimshangilia Farinelli, castrato mwanafunzi wa Porpora, kwa kelele kwamba Mungu ni mmoja na Farinelli ni mmoja, na hayo si maneno ya mtu aliyeguswa moyo, ni ya mtu aliyetoka kwenye mechi.

Mashujaa hao walikuwa na majivuno yao. Caffarelli, mwanafunzi mwingine wa Porpora, ndiye aliyeimba jukumu kuu kwenye *Serse* ya Handel, London mwaka 1738, akaianza na "Ombra mai fu", mfalme akiushukuru mti kwa kivuli chake. Aria hiyo imo humu, nayo ni tulivu kama sala. Caffarelli huyu alitajirika akanunua cheo cha ukabaila na kujenga jumba Napoli, akaandika mlangoni kwa Kilatini kwamba Amphion alijenga Thebes, yeye kajenga nyumba; Amphion ni yule wa hadithi aliyesogeza mawe kwa muziki. Inasimuliwa kwamba mpita njia akaongezea chini yake maneno machache: yeye alikuwa nazo, wewe huna. Nilicheka niliposoma. Baadaye nikajiona mjinga kwa kucheka.

Kilichoniondoa kwenye kucheka ni aria ya Carl Heinrich Graun, mtunzi wa mfalme Friedrich wa Prussia, aliyeiandikia jukwaa la Berlin. Maneno ni ya Pietro Metastasio, mshairi aliyekuwa rafiki wa Farinelli kiasi cha kuitana pacha kwenye barua. Inaanza "Misero pargoletto". Baba anamtazama mwanawe mchanga na kusema: kitoto cha watu, hujui bahati yako, jamani, msije mkamwambia baba yake alikuwa nani. Inakwenda taratibu kabisa. Fidla zinapumua pamoja na mwimbaji, nyuzi zake ni za utumbo kama za zamani, unasikia upinde ukikwaruza kidogo kabla noti haijatoka. Hakuna vionjo vya kuonyeshana. Sasa fikiri aliyeandikiwa wimbo huo ni nani. Mtu aliyeondolewa uwezo wa kuzaa kabla hajajua kuzaa ni nini, anasimamishwa mbele ya mfalme, anaimba kama baba kwa mtoto wake. Sijui wale waliokaa kwenye viti vya velveti walilifikiria hilo. Mtunzi lazima alilifikiria, maana alikaa na waimbaji hao kila siku.

Wapo wanaosema tusiwaonee huruma, walikula vizuri, walitembea na malkia. Farinelli kweli aliitwa Madrid mwaka 1737 amwimbie Mfalme Felipe wa Tano aliyekuwa amezama kwenye huzuni kiasi cha kutonyoa wala kubadili nguo, akakaa Hispania zaidi ya miaka 20, mtu mkubwa ikulu. Ila kwa kila Farinelli mmoja kulikuwa na vijana waliokatwa na sauti isiende popote. Hao waliishia kwenye kwaya za makanisa ya mikoani, warefu, wembamba, wakitaniwa sokoni. Hakuna aliyewatungia aria, na hawamo kwenye diski hii wala nyingine yoyote.

Mmoja tu tunamsikia kwa sauti yake mwenyewe. Alessandro Moreschi aliimba Kapela ya Sistina, na mwaka 1902 na 1904 mafundi wa kampuni ya gramafoni wakamrekodi Roma. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1903, Papa Pius wa Kumi alielekeza kwamba sauti za juu kanisani ziimbwe na wavulana, na mlango ukafungwa rasmi. Nilizitafuta rekodi hizo mtandaoni usiku mmoja. Mkwaruzo ni mwingi kama mafuta kwenye kikaango. Ndani yake kuna mtu wa miaka 40 na kitu anaimba "Ave Maria" kwa kwikwi, anateleza kwenda kwenye noti, mahali pengine anaikosa. Wengi humcheka. Mimi nimerekodi watu wenye woga wa maiki, na woga naujua ukipita kwenye sauti. Alisimama mbele ya pembe la bati akiwa wa mwisho wa aina yake, akaambiwa imba.

Bartoli ana hekima ya kutomwiga. Haigizi sauti ya kastrato, kwa sababu haiwezekani. Anaimba kama mwanamke mwenye nyimbo ngumu mikononi, nyingi zikiwa hazijawahi kurekodiwa na mtu. Pengo linabaki wazi ulisikie.

Mwezi wa saba mama alikuja Dar kutibiwa macho. Baada ya kliniki nikapita naye studio, nikamkalisha kwenye kiti kizuri, nikaenda kuchemsha chai. Diski ya pili ilikuwa imo kwenye kompyuta na nilipobonyeza kuwasha ikaanza wimbo wa Geminiano Giacomelli kutoka opera ya *Merope*. "Sposa, non mi conosci." Nikataka kuzima nimwekee kwaya. Akainua mkono, uleule wa mwanakwaya anayetaka watu watulie.

Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa jicho lililofungwa bandeji.

"Anasemaje huyu?"

"Anamwambia mchumba wake, hunitambui. Anamwambia mama yake, hunisikii. Halafu anauliza mbingu, kwani nimefanya nini."

"Mwanamke?"

"Mwanamume, mama. Anaimbiwa tu na mwanamke."

"Na mama yake yupo hapo?"

"Yupo. Anadhani huyu ndiye aliyemuua mwanawe."

Akaguna. Nilitaka kumweleza kwamba aliyeimba hivyo mara ya kwanza, Venice, mwaka 1734, alikuwa Farinelli, na Farinelli alikuwa nani, na alifanywa nini, na watoto wengine ni wazazi wao wenyewe waliowapeleka. Nilikuwa hata nimefungua mdomo. Kisha nikauona ule ungo wa mchele, nikanywa chai.

"Mwisho anamjua mwanawe?"

"Mwisho anamjua."

"Haya," akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Rudi mwanzo."